Kaka anataka nisomee umeme, moyo wangu uko Maseno

*Hujambo Shangazi? Nilipata B- katika mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari na nimeitwa Chuo Kikuu cha Maseno kusomea historia na fasihi. Kaka yangu ana digrii lakini anaendesha bodaboda. Ameapa kwamba karo atakayolipa ni ya diploma ya umeme tu, hapa Chuo Anuwai cha Kitaifa cha Kisumu. Mama anasema nimsikize. Mimi ni mtu wa vitabu na midahalo tangu shule ya msingi. Nifanyeje?*
*Njia Panda, Kondele*

Binti yangu, kaka yako hana nia mbaya. Kilichomuuma yeye hataki kikuume wewe.

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mahali unaposema unapenda umeme. Fundi asiyeipenda kazi hiyo ni hatari kwake na kwa nyumba za watu. Ungekuwa mtoto wa kufungua redio za majirani, ningekuambia ukimbie chuo anuwai kesho asubuhi, na wanaodharau ufundi tungewaacha na midomo yao.

Nenda Maseno. Ila kwanza mkalishe kaka akueleze alivyoitumia ile miaka ya chuo nje ya darasa. Hapo utajifunza mengi kuliko katika viapo vyake. Historia na fasihi hazikuwekei kazi mlangoni. Zinakufundisha kupima hoja na kuandika, nawe ni juu yako watu wakuone ukifanya hivyo mapema: andikia jarida la chuo, omba nafasi redioni wakati wa likizo, jua kompyuta vizuri.

Akisema ukishachagua umechagua, mkumbushe mwanasiasa Tom Mboya wa Rusinga. Alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na mwaka wa 1955 ndipo akaenda Chuo cha Ruskin, Oxford, kusomea siasa na uchumi. Wewe unaweza kuanza na vitabu, ufundi ukafuata baadaye ukiutaka. Diploma huhitaji C-, na B- yako haiozi.

Kuhusu karo, usimngoje kaka. Omba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, sasa hivi, ukijua mkopo ni deni. Maseno iko barabara ya Busia, si mbali. Linganisha nauli ya kila siku na kodi ya chumba.

Kisha zungumza na mama, kaka akiwa kazini. Mpelekee hesabu iliyoandikwa, chakula kikiwemo.