Kabla hujamchukua Malinois aliyemshinda mwenyewe

Mkuu, umesema kuna mbwa dume wa aina ya Malinois, miaka miwili, mwenyewe kachoka naye: anaruka ukuta, katafuna mlango, kamng'ata mtoto kisigino. Unauliza kama anarekebishika. Nina miaka kadhaa ya kuwapokea mbwa wa aina hii na kuwatafutia makazi mapya, na wengi niliowapokea tatizo lao kubwa lilikuwa kukosa kazi.

Asili yake ni mchunga kondoo wa Ubelgiji, kisha polisi na majeshi wakamchukua. Mwaka 2011 Malinois aitwaye Cairo alikuwa na makomando wa Marekani waliovamia nyumba ya Osama bin Laden, na watu wengi wakaanza kumtamani mbwa wa namna hiyo. Wasichokiona ni mtu anayeshinda naye kazini kila siku. Mbwa huyohuyo akifungiwa bandani kutwa atajitafutia shughuli: atazunguka akifukuza mkia, atabwekea vivuli, atakimbiza baiskeli.

Kuhusu kile kisigino, usipuuze, ila ulizia vizuri. Mbwa wa kuchunga huswaga wanyama kwa kuwadonoa miguuni, na mtoto anayekimbia huku akipiga kelele humwamsha silika hiyo. Je, ngozi ilichanika? Aliachia mara moja? Palikuwa na chakula karibu, au alikuwa amebanwa kwenye kona? Anayedonoa mtu anayekimbia si sawa na anayeng'ata na kushikilia kwa sababu ya bakuli lake. Huyo wa pili mimi simpeleki kabisa kwenye nyumba yenye watoto wadogo, hata waniombe vipi.

Watu watakushauri umkimbize hadi achoke. Mwili wake utazoea, na baada ya muda atataka mbio ndefu zaidi. Mpe kazi ya pua. Mfichie chakula kwenye nyasi au chumbani akitafute, ukiongeza ugumu taratibu. Dakika 15 za kunusa kwa makini mara nyingi humtuliza kuliko saa nzima ya kurushiwa mpira, maana mpira humpandisha jazba.

Siku za mwanzo mpe utulivu. Usiite wageni waje kumwona. Mpeleke kwa daktari wa mifugo: chanjo ya kichaa cha mbwa, pamoja na uchunguzi wa meno, masikio na nyonga, kwa sababu mbwa mwenye maumivu hung'ata upesi. Ukiwa naye ndani, mwachie kamba nyepesi aiburute, umwongoze bila kumkamata shingoni. Mfundishe kuvaa kifunga mdomo cha kikapu kwa kumtilia chakula ndani, mpaka aingize pua mwenyewe. Kama una mbwa mwingine, wakutane nje, mahali pasipo pa yeyote, mtembee sambamba mkiwa mbalimbali kabla ya kuingia nyumbani. Na usimsifie upole mapema. Wengi huwa kimya mwanzoni kwa woga, tabia zao halisi hujitokeza wiki kadhaa baadaye.

Ukishindwa ukalazimika kumpa mtu mwingine, sema yote, hasa habari ya kung'ata. Hili linaniuma sana. Anayeificha anamweka mtu hatarini, na mbwa akishajeruhi mara ya pili mara nyingi anaishia kuuawa. Mimi humpa mtu mbwa kwa makubaliano ya maandishi kwamba mambo yakienda vibaya, anarudi kwangu. Anayeniambia anataka tu mlinzi wa kuachwa uani usiku simpi, kwa sababu mbwa wa namna hii asiyefundishwa hatofautishi mwizi na jirani.

Kwa hiyo mwombe mwenyewe akuruhusu umtembeze mara kadhaa, kwa nyakati tofauti, kabla hujakubali. Piga hesabu nani atakuwa nyumbani mchana na nani atamfanyisha kazi kila siku, hata siku za mvua. Kama jina la mtu huyo halipo, msaidie mwenyewe kumtafuta mwingine anayewajua mbwa hawa.