Muulize Fundi: Kilti hii ni ya ukoo au ya jeshi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Aberdeen, Uskoti, na mume wangu. Juzi nimepata kilti ya mitumba, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti: drafti ya bluu iliyokolea, nyeusi na kijani, halafu mstari wa manjano. Nyuma kwenye marinda inaonekana mistari ya manjano tu imejipanga. Muuzaji kasema ni ya ukoo wa Gordon, jirani kasema ni ya jeshi. Mume wangu kaalikwa harusini na anaogopa kuvaa cha wenyewe. Nimsikilize nani? – Mama Nasra

JIBU: Marahaba, Mama Nasra. Wote wamesema kweli, ila jirani kakaribia zaidi.

Anza na huo mstari. Uko peke yake, umepita katikati ya kijani? Basi ni Gordon. Ukiuondoa, kinachobaki ni karibu ile drafti ya serikali, ya kikosi cha jeshi cha Kiskoti kiitwacho Black Watch, ambayo haina zaidi ya bluu, nyeusi na kijani. Vikosi vya baadaye viliichukua hiyohiyo vikatia uzi wa kujitambulisha. Kikosi cha Seaforth kilitia mweupe na mwekundu, ndiyo drafti ya ukoo wa Mackenzie. Kwa Gordon, mwaka 1793 Duke wao, yaani bwana mkubwa wa ukoo, alikuwa anaandaa kikosi, na mfumaji wa mji wa Huntly, William Forsyth, akampelekea sampuli tatu: mstari mmoja wa manjano, miwili, na mitatu. Duke akachagua mmoja. Mwaka 1794 kikosi cha Gordon Highlanders kikaanzishwa, kikauvaa. Ukoo umeurithi kutoka kwa askari, na muuzaji wako hilo hakukwambia.

Wala si ajabu. Baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme, sheria ilipiga marufuku wanaume wa nyanda za juu za Uskoti kuvaa mavazi hayo, na haikufutwa mpaka 1782. Askari wa mfalme sheria hiyo haikuwahusu. Miaka yote hiyo mwenye ruhusa ya kutembea na drafti barabarani alikuwa mwanajeshi.

Sasa nyuma. Kilti ya kiraia kwa kawaida hukunjwa kwa hesabu ili drafti iendelee kwenye marinda kama kitambaa hakijaguswa, kazi ya kuumiza macho. Ya kijeshi kila rinda hutoa mstari uleule, na ndicho ulichokieleza. Lakini wapo raia wanaomwomba fundi awakunjie hivyo, wanapenda tu, kwa hiyo usiishie hapo. Ipime mkononi: ya jeshi ni nzito, sufu iliyobanwa hasa. Kisha ifunue ndani, karibu na mikanda. Ukikuta muhuri wa mshale unaotazama juu, hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Tafadhali usiipeleke kwa dobi kabla hujaupiga picha. Na kwa kuwa uko Aberdeen, makumbusho ya kikosi hicho yako hapohapo mjini.

Ukikuta mstari mwingine ambao hukuutaja, jibu linabadilika. Manjano ikipokezana na nyeupe, hiyo ni ya ukoo wa Campbell wa Argyll. Manjano na nyekundu, fikiria koo za Farquharson au MacLeod wa Harris, na hapo itabidi uhesabu nyuzi. Kupauka kusikuhangaishe. Drafti moja hufumwa kwa rangi zilizokolea au zilizofifia, na zile madukani wanazoziita za kale ni jina la rangi tu, kitambaa chaweza kuwa cha mwaka jana. Kinachotambulisha ni mpangilio wa mistari na upana wake. Rejista ya drafti inayotunzwa na serikali ya Uskoti, iliyofunguliwa 2009, hutafutwa bure mtandaoni.

Mzee na avae. Hakuna sheria inayomzuia, na harusini hapo hatamkera mtu. Ila asibandike beji ya kikosi ambacho hakukitumikia. Hilo nalikataa mimi.

SWALI: Fundi, shali yangu nyekundu yenye mistari myembamba myeupe na ya manjano naambiwa ni ya wafalme. Naruhusiwa? – Babu Hamisi, Leicester

JIBU: Shikamoo Babu. Bila shaka ni drafti iitwayo Royal Stewart, ile inayochapishwa hata kwenye makopo ya biskuti. Kwa desturi ni ya mfalme, lakini inavaliwa na kila mtu. Jeshini wanayo wapiga bomba, ile zumari ya mfuko ya Kiskoti, wa kikosi cha Scots Guards, na wa Black Watch pia, ingawa wenzao wa kikosi hichohicho walivaa ile ya kijani. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani ya askari mwenye nyekundu, kwanza tazama kama kwapani ana bomba. Shali jifunge, Babu, baridi ya Leicester haimjui mfalme.