Kiangazi kinaficha mengi: maswali yenu juu ya magari-nyumba

Barua za mwezi huu za wasomaji wetu wa Lubumbashi karibu zote zinauliza jambo moja: gari-nyumba (gari lenye kitanda, jiko na choo ndani) lililotumika, kutoka Ulaya au Afrika ya Kusini, utajuaje kama maji hayajaingia kwenye kuta?

Swali. Kazi yangu ni ya barabara, kati ya Likasi na Kolwezi, na nimechoka kulipa vyumba. Nimeonyeshwa gari-nyumba la mwaka 2004, lililojengwa juu ya gari la mizigo la Fiat Ducato, kuta za alumini. Muuzaji anasema halijavuja hata siku moja. Ndani kweli ni kavu, na kipima unyevu kinasoma asilimia 13. Nilipe? (Msomaji wa Kampemba)

Jibu. Bado, Baba. Mwezi wa nane Lubumbashi kila kitu ni kikavu. Mvua ilikatika tangu mwezi wa nne au wa tano, na mbao hufuata hewa: mbao nzima iliyo ndani ya gari majira haya inaweza kushuka chini ya asilimia 10. Ile hesabu iliyozoeleka Ulaya, kwamba chini ya 15 ni salama, 15 hadi 20 ni ya kuchunguza, juu ya 20 maji yanaingia na juu ya 30 tegemea uozo, inafaa mahali ambapo hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Hapa kwetu 13 ya mwezi wa pili na 13 ya mwezi wa nane hazina maana moja.

Kwa hiyo anza kupima ukuta wa kati, ule unaotenga choo na kitanda, usiogusana na nje. Tuseme unasoma 8. Hiyo ndiyo hesabu yako ya kuanzia. Halafu zunguka kuta za nje kila baada ya sentimita 50: chini ya madirisha, ndani ya makabati ya juu, kando ya dirisha la paani, na hasa kwenye kona za kile kitanda kilicho juu ya kabini, maana hapo upepo unasukuma mvua moja kwa moja kwenye kiungo. Ukuta wote ukisoma 8 au 9 na kona moja 13, kona hiyo ina neno la kukuambia. Angalia pia kama nyuma ya ukuta kuna karatasi ya alumini au waya, kwa sababu chuma hudanganya kipimo.

Tena kipimo hakioni kila kitu. Mbao iliyooza mwaka juzi ikakauka mwaka huu inasoma kavu, na imekwisha. Ukuta wa gari la aina hiyo una tabaka tatu: nje bati la alumini lisilozidi milimita 1, katikati frigoliti (lile povu jeupe jepesi) ya milimita 25 hadi 30 iliyozungushiwa papi, yaani vipande vyembamba, za mbao laini, ndani tripleksi (ubao mwembamba wa kubandika) ya milimita 3. Masitiki, ile gundi ya kuzibia, ya kwenye kiungo ikizeeka na kupasuka, maji hushuka kwenye papi. Alumini haipitishi hewa, kwa hiyo maji hayana njia ya kutoka. Mbao inakaa inachemka humo polepole, huku ukuta wa ndani ukiendelea kuonekana safi hadi siku unapouminya kwa dole gumba ukabonyea kama karatasi.

Omba ruhusa ya jambo moja dogo. Kwenye kona za nje kuna reli ya alumini, na katikati ya reli umepita utepe wa plastiki. Uinue kwa ukucha kuanzia chini, sentimita 20 zinatosha. Utaona vichwa vya skrubu. Viking'aa, endelea mbele. Vikiwa na kutu, fungua mmoja. Ukitoka kwa taabu, na nyuzi nyeupe za mbao zimeng'ang'ania kwenye meno yake, papi ni nzima. Ukizunguka bure, au ukitoka na unga wa kahawia kama ugoro, papi haipo tena, na reli inashikwa na masitiki peke yake. Muuzaji akikataa usiguse utepe huo, kataa na wewe.

Ukifika hapo bado unalitaka, lete mpira wa maji. Usitumie mashine ya presha, kwani inasukuma maji hata kwenye viungo vizima, na muuzaji atakuwa na haki ya kulalamika. Maji ya kawaida, dakika 15 kila sehemu, ukianza chini na kupanda: tao la gurudumu, madirisha, kona, na mwisho paa. Ukianza na paa kila kitu kitalowa na hutajua kiungo gani kimepitisha. Mtu mwingine awe ndani na tochi na karatasi ya choo, akipangusa kona za makabati. Karatasi inaonyesha tone ambalo kidole hakilisikii. Na kumbukeni maji yanatembea: doa liko kwenye kichwa cha kitanda, tundu liko mita moja mbele kwenye taa ya paani.

Halafu vua viatu na utembee kwa visigino, mbele ya jiko na mlangoni. Sakafu inayonepa imeachana gundi. Mwaga lita 10 za maji bafuni, ungoje robo saa, uingie chini ya gari utazame kama panadondoka. Ukiwa huko chini, chomachoma kwa bisibisi nyuma ya magurudumu ya nyuma, mahali matope yanaporuka.

Swali. Tuko wawili, tumebakiza magari mawili: moja kuta za faiba na paa la kipande kimoja, jingine ni furgoni ya chuma iliyotengenezwa chumba ndani. Lipi limejengwa vizuri? (Katuba)

Jibu. La faiba linashinda la alumini: viungo ni vichache, mvua ya mawe hailitoboi, na mengi ya karibuni yana papi za poliuretani (aina ya plastiki) badala ya mbao, ambazo hazinywi maji. Lakini kwa njia zenu, mkiacha lami, sisi tungechukua furgoni. Mwili wake ni chuma kilichochomelewa, unavumilia mtikisiko wa udongo wenye mawimbi. Sanduku lililobandikwa juu ya chasi, hasa lenye mkia mrefu nyuma ya ekseli, linajikunja kila shimo, na viungo vya nyuma ndivyo vinaachia kwanza. Ugonjwa wa furgoni ni kutu inayoanzia ndani, ambako jasho la usiku linakutana na chuma kitupu nyuma ya mapambo. Ondoeni kipande kimoja cha ukuta karibu na mlango wa nyuma mtazame.

Makabati fungueni yote. Bawaba iliyoshikwa na pini za stepla haifiki Likasi.

Swali. Asubuhi vioo na ukuta wa kitandani vinatiririka maji, hata bila mvua. Bwana anataka kuziba matundu ya sakafuni kwa sababu ya vumbi na baridi. (Mama wa Ruashi)

Jibu. Mama, asiyazibe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni, na matundu hayo ndiyo njia yake ya kutoka. Awekee wavu wa waya kama vumbi linamsumbua. Hayo maji si ya kuvuja, ni yenu: watu wawili waliolala wanatoa karibu nusu lita hadi lita nzima kwa usiku, na kila kilo ya gesi inayoungua inazaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Sonsomola bukari (songa ugali) mlango ukiwa wazi, fungua dirisha la paani vidole viwili usiku kucha, na usogeze godoro sentimita 3 mbali na ukuta. Mbabula ya makala (jiko la makaa) isiingie ndani hata ikiwa imebaki majivu mekundu tu. Hewa yake inaua watu usingizini bila harufu.

Swali. Fundi amepaka silikoni kwenye viungo vyote vya paani. Inatosha? (Kamalondo)

Jibu. Hapana, na imewaongezea kazi. Silikoni ya madirisha ya nyumba haishiki vizuri juu ya masitiki ya zamani, na baada yake hakuna kitu kinachoshika juu yake. Ikwanguliwe yote, reli itolewe, mbao ikaguliwe, kisha utepe wa butili (mpira laini unaonata) chini ya reli na masitiki ya poliuretani pembeni. Madirisha ya akriliki (plastiki angavu) yasiguswe na poliuretani, yanapasuka nyufa ndogondogo. Hapo butili peke yake. Kazi hiyo imalizike kabla ya mwezi wa kumi, mvua hazijarudi.