Maswali ya Wasomaji: Mikuki Mirefu ya Makedonia Ilishindwaje na Warumi?

Mhariri, Alexander alifika hadi India na jeshi la mikuki mirefu. Miaka 130 hivi baadaye Warumi wakalipiga jeshi la aina ileile. Kitabu cha mwanangu kinasema Warumi walikuwa hodari zaidi. Ni hilo tu? – Mzazi, Nakuru

Hapana, ndugu mzazi, na tunasikitika jibu hilo bado linafundishwa. Ana kwa ana, falanksi ya Makedonia, yaani kikosi cha mikuki kilichosongamana safu kwa safu, haikuwa na wa kuizuia. Hesabu yake tumeachiwa na Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyepelekwa Italia mwaka 167 KK pamoja na mateka wenzake wapatao 1,000. Mkuki wao, sarisa, ulikuwa dhiraa 14, yaani kama mita 6.3. Askari aliushika kwa mikono miwili, na dhiraa 10 zikatokeza mbele yake. Mkuki wa safu ya pili ulitokeza dhiraa 8 mbele ya safu ya kwanza, wa tatu 6, wa nne 4, wa tano 2. Safu zilikuwa 16 kwa kawaida. Kuanzia ya sita waliinamisha mikuki juu ya vichwa vya wenzao ili kukinga mishale. Mrumi naye alihitaji nafasi maradufu ili atumie ngao na upanga wake, kwa hiyo mtu mmoja alitazamana na watu wawili, na ncha 10 za chuma. Huwezi kuzikata zote.

Ila ncha zote hizo zinatazama upande mmoja. Falanksi ilitaka ardhi tambarare isiyo na mtaro, kichuguu wala kijito. Uwanda wa Kano wakati wa kiangazi ungeifaa. Miteremko ya Menengai ingeivunja kabla adui hajatokea. Legioni ya Kirumi, yenye watu kama 4,200, iligawanywa katika vikosi vidogo vilivyoitwa manipuli, vingi vikiwa na watu 120. Vilipangwa mistari mitatu na mianya katikati, na kila kimoja kiliweza kugeuka chenyewe.

Tazama vita vya Cynoscephalae, Thesalia, huko Ugiriki, mwaka 197 KK. Ukungu umetanda vilimani. Mrengo wa kulia wa Mfalme Philip wa Tano wa Makedonia unateremka na kuwasukuma Warumi. Wa kushoto bado unapanda, haujajipanga. Jemadari wa Kirumi, Flamininus, akauacha upande wake unaoelemewa, akauvamia ule wa kushoto kwa tembo na kuutawanya. Hapo tribuni mmoja, yaani afisa wa legioni, ambaye Polybius hakumtaja jina, akachukua manipuli 20, akageuka na kuupiga kwa nyuma mrengo uliokuwa ukishinda. Mtu aliyebanwa na wenzake pande zote, mikononi ana mti wa mita sita, hawezi kugeuka. Wamakedonia wakasimamisha sarisa zao wima. Kwao hiyo ilikuwa ishara ya kusalimu amri, lakini Warumi hawakuijua. Flamininus alipoelezwa alitaka kuwaacha hai, ila baadhi ya askari wake walikwisha kuwaangukia. Walikufa Wamakedonia 8,000 na kutekwa 5,000. Warumi waliokufa ni kama 700.

Mwaka 168 KK, huko Pydna, falanksi ya Perseus, mwana wa Philip na mfalme baada yake, iliwasukuma Warumi hadi penye mabonde, ikaachana, na manipuli zikapenya katika nyufa. Kazi iliisha kwa takriban saa moja. Ufalme ukafutwa na nchi ikakatwa jamhuri nne.

Nafundisha historia Kidato cha Kwanza. Nitawaonyeshaje wanafunzi jambo hili uwanjani? – Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, unahitaji fito, kamba ya katani na jivu. Unganisha fito mbili za mita 3.4, zipishane nusu mita, ufunge mahali pawili. Ukifunga mahali pamoja zitajikunja. Tengeneza tano, na ncha zifungwe matambara. Panga wanafunzi watano mmoja nyuma ya mwingine, sentimita 90 kati yao, kila mmoja abakize mita 1.8 nyuma ya mkono wa mbele. Chora kwa jivu kila ncha inapofika: kuanzia mtu wa mbele utapata mita 4.5, 3.6, 2.7, 1.8 na 0.9.

Kisha ongeza mistari mingine miwili ubavuni, hata bila fito, watembee hatua 20 penye nyasi fupi. Warudie penye matuta. Usiwahimize, wakikimbia mpango utavunjika hata penye tambarare, na somo litapotea. Penye matuta mstari mmoja utachelewa, mwanya utafunguka, na mwanafunzi mwenye kipande cha kadibodi kama ngao atapita akiwa kati ya fito bila kuguswa na ncha. Mwishowe waamuru wote wageuke nyuma kwa pamoja, polepole, wengine wakiwa wamesimama mbali. Fito zitagongana. Hapo utakuwa umewaonyesha Cynoscephalae.

Korintho iliyoandikiwa na Mtume Paulo ndiyo ile ya Wagiriki wa kale? – Msomaji, Kakamega

Mahali ni palepale, mji si uleule. Mwaka 146 KK, mwaka ulioangamia Carthage, mji wa Afrika Kaskazini uliokuwa adui wa Roma, jemadari wa Kirumi Lucius Mummius aliiteka Korintho, akaua wanaume, akauza wanawake na watoto utumwani na kuuchoma mji. Julius Caesar ndiye aliyeagiza ujengwe upya mwaka 44 KK kama koloni la Kirumi. Mji huo mpya ndio Paulo aliufikia.