Amoksilini haikumsaidia, azithromaisini imemfaa: kwa nini?

Dada yetu wa Wete, umeuliza kwa nini kikohozi cha mwanao hakikusikia amoksilini lakini kikasikia azithromaisini, na kama ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Si lazima iwe mbovu. Amoksilini, ya ukoo wa penisilini, huzuia bakteria kujenga ukuta wake, na kwa kuwa ndani yake mna mgandamizo mkubwa, ukuta ukidhoofika hupasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, kwa hiyo haziguswi kwa njia hiyo. Lakini wapo bakteria wa nimonia waitwao maikoplazima, ambao hawana ukuta kabisa, na pasipo ukuta, uwe wa mawe ya Mji Mkongwe au wa bakteria, hapana cha kubomoa. Azithromaisini haitegemei ukuta; hukwamisha viwanda vidogo vya protini ndani ya bakteria, navyo maikoplazima anavyo. Zipo na dawa nyingine za bakteria zisizotegemea ukuta: doksisaiklini hufanya vivyo hivyo, ila hushika sehemu nyingine ya kiwanda. Nayo siprofloksasini huvuruga vimeng'enya vinavyokunjua vinasaba. Huenda pia kilikuwa kikohozi cha virusi kilichoondoka chenyewe, kwani virusi havidhuriki kwa dawa hizi. Bila kipimo mimi siwezi kuamua, basi muulize daktari aliyemwona.