Maswali ya Wasafiri: Kutoka Paris Hadi Marseille kwa Treni ya TGV

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tumeshavuka miaka 60 na, Mungu akipenda, mwezi wa Aprili tutakwenda Marseille kwa binti yetu, ambaye ameolewa huko na Mkomoro na anatarajia kujifungua. Ndege yetu itatua uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, saa mbili asubuhi. Binti anatuambia tuendelee kwa treni ya mwendokasi, TGV, lakini kila tukiingia mtandaoni tunakuta bei nyingine, majina mengine ya treni na vituo vingine vya Paris. Tuanzie wapi, na tukate tiketi lini? Viza bado hatujaipata.
Mama wa Mwembetanga, Zanzibar

JIBU: Mama, shikamoo. Hongereni kwa mjukuu mnayemtarajia, na Mungu amjaalie binti yenu ajifungue salama.

Nawaomba bei muiweke kando kwanza, muamue mtapandia treni wapi, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaowapa raha au taabu siku ya safari. Treni nyingi za Marseille huondokea stesheni ya Gare de Lyon, iliyo katikati ya Paris, na huchukua saa tatu na robo hivi. Kufika huko kutoka uwanja wa ndege kunataka mpande treni ya mjini, RER B, hadi Châtelet–Les Halles, kisha mbadilishe RER A au D kwa kituo kimoja tu. Njia yenyewe si ngumu, lakini watu wawili wa umri wenu, wenye masanduku na usingizi wa ndege, watapanda na kushuka ngazi katikati ya umati wa watu. Hata hivyo, ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle, kwenye Terminal 2, ipo stesheni ya TGV iliyofunguliwa mwaka 1994, na kutoka hapo huondoka treni zinazofika Marseille moja kwa moja bila kuingia Paris mjini. Kwa siku ni chache, na hukawia njiani zaidi ya zile za Gare de Lyon, lakini mtaweka mizigo mara moja na kukaa hadi mwisho wa safari. Mimi ningechagua hizo, hata kama tiketi ingezidi euro kadhaa. Mkishukia terminal nyingine, treni ndogo ya CDGVAL itawafikisha Terminal 2 bila malipo.

Ndege ikitua saa mbili, msikate tiketi ya treni ya saa nne. Kuna foleni ya pasipoti, kuna kusubiri mizigo, na tiketi ya treni mliyoinunua peke yake haiwajui wala haiwasubiri ndege ikichelewa. Kati ya kutua na kupanda treni acheni muda wa saa tatu na nusu hadi nne, yaani treni ya saa tano na nusu au saa sita mchana. Muulizeni pia wakala wenu wa ndege kama shirika mnalosafiri nalo linauza ndege na treni katika tiketi moja, mpango unaoitwa TGV AIR, kwa kuwa hapo ucheleweshaji wa ndege hauwi tena mzigo wenu peke yenu.

Sasa tuje kwenye hayo majina. Shirika la reli la Ufaransa, SNCF, linaendesha treni za mwendokasi za aina mbili. TGV INOUI ndiyo ya kawaida: ina daraja la kwanza na la pili, ina behewa la chakula, na kila abiria anaruhusiwa masanduku mawili yasiyozidi sentimita 70 kwa 90 kwa 50, pamoja na begi dogo la mkononi, yote yakiwa na kibandiko cha jina. OUIGO, iliyoanza mwaka 2013, ni ya nauli nafuu, lakini nauli hiyo inahesabu mizigo midogo tu, na sanduku kubwa hulipiwa zaidi. Kampuni ya Kiitaliano ya Trenitalia nayo imeingia katika njia ya Paris na Marseille tangu mwaka 2025, kwa treni zinazoondokea Gare de Lyon. Najua mama anayekwenda kwa mzazi hasafiri mikono mitupu. Kuna viungo, kuna kanga, kuna vitu vya mtoto. Kwa hiyo mnapolinganisha OUIGO na INOUI, jumlisheni gharama ya masanduku kabla ya kusema ipi rahisi.

Kuhusu bei kubadilika, wasomaji wetu wengi wamezoea nauli kama za SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, ambazo hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri ya Tanzania, na kujulikana na kila mtu. Ufaransa mambo ni tofauti: bei ya kiti hupanda kadiri treni inavyojaa, na abiria wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa wamelipa nauli zilizopishana mara mbili au zaidi. Mauzo hufunguliwa kwa kawaida miezi mitatu hadi minne kabla, na hapo ndipo penye nafuu. Ijumaa jioni na Jumapili jioni ni ghali; Jumanne, Jumatano au Alhamisi, treni za mchana, huwa na bei ya chini. Mwezi wa Aprili una jambo lake: likizo za shule za majira ya kuchipua huangukia humo, na familia nyingi huelekea kusini kufuata bahari, kwa hiyo msingoje wiki ya mwisho.

Hapa nakuja kwenye neno lenu la mwisho, viza, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ombi la viza ya Schengen, ndiyo viza ya kuingilia Ufaransa, laweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, tena mapema ndiyo heri, kwa sababu tiketi ya bei rahisi mliyoikata kabla ya jibu la ubalozi inaweza kuwa hasara tupu. Ikiwa mtakata mapema, kateni ya INOUI ya kawaida, ambayo hubadilishwa au kurejeshewa fedha bila makato mkifanya hivyo wiki moja au zaidi kabla ya kuondoka, na baada ya hapo kuna makato. OUIGO ina masharti makali zaidi. Someni masharti yaliyoandikwa chini ya bei kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa. Ni mistari michache, na ndiyo mkataba wenu.

Ipo pia kadi ya punguzo, Carte Avantage Senior, kwa waliofikisha miaka 60. Huuzwa euro 49 kwa mwaka na hupunguza asilimia 30 katika TGV INOUI, ingawa katika OUIGO haifanyi kazi. Hesabu yake ni nyepesi: mtu mmoja anaanza kupata faida nauli zake za mwaka zikipita euro 163 hivi. Kwa kwenda na kurudi mara moja, mkikata mapema, huenda msiihitaji.

Kateni kwenye tovuti au programu ya SNCF Connect, kwa kadi ya Visa au Mastercard. Benki ikikataa malipo ya nje, binti yenu anaweza kukata akiwa huko huko, mradi aandike majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti. Tiketi itakuja kwa barua pepe ikiwa na alama ya mraba ya kuchanganuliwa. Ihifadhini kwenye simu na mchapishe nakala moja. Saa zake huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 14:06 ni saa nane na dakika sita mchana. Angalieni jina la kituo cha kushukia: ni Marseille Saint-Charles. Aix-en-Provence TGV huja kabla yake kwa treni nyingi, nayo iko mbali na mji, kwa hiyo msishuke kwa kuona wengi wanashuka.

Siku yenyewe, ubao wa stesheni hutangaza namba ya njia dakika 20 hivi kabla ya treni kuondoka, na milango hufungwa dakika mbili kabla ya saa iliyoandikwa. Tiketi itawaonyesha namba ya behewa, “voiture”, na namba ya kiti, “place”. Kwenye jukwaa kuna herufi kubwa zilizotundikwa, na ubao huonyesha behewa lenu litasimama kwenye herufi gani. Simameni hapo hapo. Mara nyingi treni mbili huunganishwa kuwa moja ndefu na hakuna mlango wa kupita kati yake, hivyo aliyepanda upande usio wake hukaa hapo hadi kituo kinachofuata. Wakati wa kukata tiketi, treni ikiwa ya ghorofa mbili, chagueni ghorofa ya chini, “salle basse”, kwa ajili ya magoti na masanduku. Chakula chenu mnaruhusiwa kubeba.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Lyon na huenda Paris mara kwa mara. Treni ikichelewa, kuna fidia?
Msomaji, Lyon

JIBU: Ipo. Kwa TGV INOUI, kuchelewa kuanzia dakika 30 hadi chini ya saa mbili hukupa asilimia 25 ya nauli. Saa mbili hadi tatu ni asilimia 50, na zaidi ya hapo ni 75. Huiombi kwa kondakta; utajaza fomu mtandaoni ukiwa na namba ya tiketi yako, hivyo usiifute kwenye simu ukishafika. OUIGO na Trenitalia zina taratibu zao. Siku za mgomo, ratiba ya treni zitakazotembea hutangazwa jioni ya siku iliyotangulia, na treni yako ikifutwa una haki ya kurejeshewa nauli yote au kupanda nyingine.