Nyaya za mota za propela kwenye ukuta wa nyambizi
Kuhusu swali lako kama mhimili wa propela upenye ukuta wa nyambizi uliyojitengenezea, ningeiacha mota nzima nje na kupitisha nyaya pekee, kwa kuwa tundu lenye mhimili unaozunguka ni gumu zaidi kulizibia maji. Kipitishio, yaani kipande kinachozipitisha nyaya ukutani, kiwe na kitako kipana upande wa nje, chenye pete ya mpira chini yake, ili shinikizo la maji, linaloongezeka kwa takriban baa 1 (karibu sawa na shinikizo la kawaida la hewa) kila mita 10 za kina, likikandamize badala ya kukisukuma ndani. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba waya ukikatika nje, maji hupita kati ya nyuzi zake za shaba, chini ya ganda la plastiki, hadi chumbani. Kwa hiyo nyuzi hizo zikatizwe kwa pini nzima ya metali, isiyo na nyuzi, iliyozungushiwa epoksi (gundi inayokauka na kuwa ngumu). Majaribio ya kwanza yafanywe bila mtu ndani.